Nyasi Zisizofukiwa

"Vita! Fundi, ni vita! Njoo uone, njoo, iache hiyo chai!"

Nilipiga kelele mpaka mbuzi wa Mama Kumburu, mwenye shamba, wakakata kamba. Fundi Bwire alikuwa amekaa juu ya kreti la betri, kikombe mkononi, taratibu kama kawaida yake. Mtu wa Majita huyu, hata nyumba ikiungua atamaliza kwanza kunywa. Yeye ndiye fundi wa mashine, mimi ndiye msomaji. Sheria inataka hivyo: msomaji atoke upande wa waombaji, kwa sababu anayajua mashamba ya kwao, na fundi atoke mbali kabisa, ili msomaji asije akajipendelea. Cheti changu kina miezi minne. Picha ya mahafali bado haijawekwa fremu. Na ombi la kwanza nililopewa kulisoma peke yangu ni la ukoo wangu mwenyewe, watu wa Liyombo, kaya mia mbili na kumi na mbili. Jamani, ningekaaje kimya?

Bwire akaja, akainamia skrini. "Nionyeshe."

Kisoma chenyewe ni mrija tu, mwembamba kama bua la mtama. Unauzamisha ardhini mita mbili, unauacha unahesabu udongo wa mlima mzima. Kila punje ya mchanga inakumbuka mara ya mwisho ilipopigwa na jua. Ukiifukia inaanza kuhesabu giza, na haisahau. Kisoma kazi yake ni kuiuliza: mwenzetu, umo gizani tangu lini? Zamani zile mashine zilikuwa zinakosea kwa miaka mia. Hii ya sasa inakutajia siku. Na nyasi nazo, zikioza, zinaacha vichembe kama vya kioo, kwa hiyo hata jani lililooza enzi za mabibi wa mabibi, Kisoma kinaliona.

"Hapa," nikamwonyesha. "Hizi ni ngoro. Unajua ngoro?"

"Nimesoma kwenye maelekezo."

"Unakata nyasi, unazipanga chini kwa miraba, kama wavu. Halafu unachimba katikati ya kila mraba, udongo unaufukia juu ya nyasi, linakuwa tuta. Pale ulipochimba panabaki shimo, mvua ikija maji yanatulia humo, mlima haumomonyoki. Juu ya tuta unapanda maharage. Sasa angalia. Nyasi, udongo. Nyasi, udongo. Matabaka kumi na nane, kutoka chini kuja juu, kila mwaka hivyo hivyo. Halafu tabaka la kumi na tisa..."

"Nyasi."

"Nyasi! Udongo hakuna! Zimepangwa vizuri, miraba imenyooka, na hakuna aliyezifukia. Zimeozea juani. Mtu anaandaa shamba halafu anaondoka bila kumaliza, fundi, huyo mtu amekimbia nini?"

Kwetu Liyombo hata mtoto wa chekechea angejibu. Ukutani kwenye ukumbi wa kijiji amechorwa Babu Kahimba na mkuki wake, anawashusha watu kutoka mlima huu wa Lihanje, nyuma yao nyumba zinawaka moto. Kila mwaka tunaimba wimbo wake. Tatizo, wimbo si ushahidi. Ofisi ya Marejeo inataka udongo useme.

Na udongo ulikuwa umesema! Sheria ya Marejeo inakubali sababu nne tu za mababu kuhama: Njaa, Vita, Amri, Hiari. Ukoo uliotolewa mlimani na mojawapo ya zile tatu za kwanza una haki ya kurudi kwenye baridi mwaka huu huu, na wanaoishi huku juu sasa wanawakatia nusu ya mashamba. Ukoo uliotoka kwa hiari unaingia foleni. Foleni imefika miaka kumi na minne.

Liyombo juzi joto lilifika nyuzi arobaini na saba. Wazee wanalazwa kwa zamu kwenye chumba baridi cha zahanati, saa sita sita, halafu wanawapisha wenzao. Bibi yangu, Bibi Kandida, ana miaka themanini na moja, na msimu uliopita moyo wake ulisimama akiwa anasubiri zamu yake kwenye benchi. Ukaamshwa. Daktari akasema safari nyingine hautaamka.

Kwa hiyo nikampigia. Sikufikiri hata kidogo.

"Haloo, mke mwenzangu," bibi akaitika, yumo chumba baridi kwenye zamu yake. Ananiita hivyo tangu nazaliwa, ati namgombania babu, na babu mwenyewe amekufa hata sijamjua. "Umekula?"

"Bibi, ni vita!"

"Vita wapi tena, jamani?"

"Ya zamani! Ya Babu Kahimba! Nimeiona, bibi, ipo kwenye udongo, tunarudi!"

Nikasikia vigelegele, vya sauti za kukwaruza, vya watu waliochomekewa dripu. "Unawasikia wenzangu?" bibi akasema. "Kastoria hajanyanyua kichwa tangu Jumapili. Amenyanyua! Ngoja, ngoja, wanasema tupike pilau."

Nilipokata simu Bwire alikuwa ananitazama.

"Umeshasaini?"

"Bado."

"Umesoma tabaka la kumi na tisa. Yapo mangapi?"

"Ishirini na moja, halafu pori."

"Basi dada Sebi," akasema, akanywa chai yake, "umetangaza matokeo dakika ya themanini."

*

Tabaka la ishirini lilikuwa hivi: nyasi, hakuna udongo.

Nikadhani mashine imerudia ukurasa. Nikaizima, nikaiwasha. Bwire akafuta jicho la mrija kwa kitambaa na spiriti, tukaanza upya. Nyasi, zimekatwa mwaka uliofuata, mwezi ule ule, zimepangwa mistari iliyonyooka, zimeozea juani. Tabaka la ishirini na moja: vile vile. Misimu mitatu mfululizo mtu amekata nyasi, amezipanga miraba, kisha ameondoka zake. Baada ya hapo ni mizizi ya miti tu, miaka arobaini, mpaka walipokuja watu wengine kutoka milima ya upande wa pili, ndio mababu wa kina Mama Kumburu.

"Sielewi," nikasema.

"Hata mimi."

"Kama walikimbia vita, nani alirudi kukata nyasi?"

"Labda walikuwa wanarudi kuchungulia."

"Unakuja kumchungulia adui halafu unampangia nyasi?"

"Labda ni tambiko."

"Mlima mzima? Fundi, hii ni miraba elfu ishirini na kitu. Hili ni jasho la watu."

Nikaijaribu Njaa. Haikukubali. Udongo ule ulikuwa mweusi, mzito, mvua zimekuja kwa wakati miaka yote, ungeweza kupanda mpini wa jembe ukachipua. Nikajaribu ugonjwa, labda walianza kazi wakazidiwa. Lakini mgonjwa hanyooshi mstari namna ile. Nikakaa chini kwenye majani. Kule Liyombo mchele ulikuwa umeshachambuliwa, na dirisha la maombi lilikuwa linafungwa siku ile ile saa kumi jioni. Ilikuwa saa sita na nusu.

*

Mama Kumburu alituletea ugali na maharage, na maji ya kunawa. Mama wa watu. Tumemchomea mrija katikati ya shamba, tumemtimulia mbuzi, na bado kila mchana anapika. Alijua vizuri tumekuja kufanya nini. Vigingi vya njano vya Ofisi ya Marejeo vilikuwa vimeshapangwa kwenye mashamba yake mawili, kuonyesha nusu ipi itakatwa Liyombo ikishinda.

"Mbona mmenuna? Asubuhi si kulikuwa na sherehe hapa?"

"Mama, tumechanganyikiwa," nikamwambia, nikamgeuzia skrini. Sikutakiwa kumwonyesha, najua. "Tazama. Hawa watu walikata nyasi wakapanga, miaka mitatu, na hawakufukia. Kwa nini mtu afanye hivyo?"

Akatazama kidogo tu. Hata hakuvaa miwani. "Wake zao hawakuwepo."

"Kivipi, mama?"

"Nyasi zipo, si ndiyo? Wanaume wapo. Udongo haupo, wanawake hawapo. Kuna nini hapo cha kuhitaji mashine?"

Nikabaki namtazama kama mbuzi wake. "Lakini anayekata ndiye anayefukia."

"Nani kasema?"

"Kwetu. Baba yangu anakata, anachimba, anafukia. Kaka zangu pia. Mama naye anakata."

"Baba yako anashika jembe? Anachimba ngoro?"

"Ndiyo."

Mama Kumburu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaweka sufuria chini, akajifuta macho kwa kanga. "Mwanangu, marehemu mume wangu alikuwa anakata nyasi tangu alfajiri, anapanga mistari utadhani kavuta kamba, halafu mundu begani, huyo anakwenda kukaa. Nyasi za mwanaume, udongo wa mwanamke. Milima yote hii ndivyo ilivyo, toka enzi na enzi. Mwanaume akifukia hapa, watu watasema mkewe kamlisha dawa. Hao wa kwenu mmewalisha nini?"

Bwire alikohoa, tonge limempalia. Miaka minne chuoni, jamani. Nimefundishwa punje, nimefundishwa mwanga, nimefundishwa kioo cha nyasi. Na nimelisoma shamba zima kwa mazoea ya baba yangu, nikidhani dunia yote inalima kama nyumbani.

*

Kisoma kina hesabu moja ambayo hatuitumii sana kwa sababu inakula betri: hesabu ya mikono. Kila mtu analipiga jembe kivyake, huyu anaanza na bega, yule anavuta upande, huyu anapumzika kila baada ya mapigo manane. Udongo unakuwa kama daftari lililoandikwa na watu wengi, na ukikaa nalo unaanza kuzijua hati.

"Washa," nikamwambia Bwire.

"Betri itabaki robo."

"Washa tu."

Msimu wa kumi na nane, ule wa mwisho wenye udongo: mikono arobaini na mmoja. Yote imeacha kulima ndani ya siku tatu, katikati ya Novemba, kazi ikiwa imebaki kidogo. Kisha nikafungua mrija wa Liyombo, tuliousoma mwezi uliopita, maana kila ombi lazima lisomwe pande zote mbili. Nilikuwa nimeutazama harakaharaka tu, niliona ni matuta ya kwanza ya watu wageni, basi. Safari hii nikatazama mikono.

Wiki saba baada ya ile Novemba, kule bondeni, ngoro za kwanza zinachimbwa. Hazina nyasi hata unyasi mmoja. Udongo mtupu umelundikwa kwa jembe. Na hati ni zile zile.

"Bwire. Waliondoka wao. Wanawake. Wenyewe."

"Na Babu Kahimba?"

"Babu Kahimba alikuwa huku juu anapanga nyasi!"

Nilicheka, halafu nikaona sicheki. Misimu mitatu huku nyasi bila udongo, kule udongo bila nyasi, mlima na bonde vinatazamana. Msimu wa nne, Liyombo, nyasi zinatokea chini ya matuta. Na mikono mipya inaingia, mizito, inapiga jembe vibaya vibaya, inachimba shimo kubwa mno hapa, dogo mno pale. Wanaume wamefuata. Na wameshikishwa jembe. Ndiyo maana baba anachimba! Sisi tulidhani ni desturi tu ya kwetu, kumbe yalikuwa ni masharti.

"Sawa," Bwire akasema. "Wameondoka. Kwa nini?"

Hapo ndipo nilipotafuta saa nzima. Nilihesabu miraba. Mwaka wa kwanza kwenye mrija, kila mkono unafukia kama miraba mia mbili kwa msimu. Kisha mia mbili na sitini. Kisha mia tatu na arobaini. Ule mwaka wa mwisho ni mia tano na kumi. Kukata nyasi ni kazi ya siku chache; mwanaume akitaka shamba liongezeke anakata tu, anapanga, anakwenda kukaa. Sijui waliyataka ya nini maharage yote yale, mashine haisemi. Walikuwa wanapanua, kila mwaka wanapanua, mistari inapanda mpaka kwenye miamba. Na jembe linazidi kuwa jepesi. Kina cha pigo kinapungua mwaka hadi mwaka, vidole vinne, vitatu, viwili.

Kulikuwa na mkono mmoja, wa kumi na saba kwenye orodha, niliuzoea. Una pigo fupi, linavuta kushoto. Msimu wa mwisho unapiga mara tano, unapumzika. Mara tatu, unapumzika. Siku moja unaacha mchana, katikati ya mraba, shimo halijaisha. Siku ya tatu unarudi pale pale, unamalizia.

"Mtu anaacha jembe siku mbili, anarudi, alikuwa na nini?" nilimuuliza Bwire.

Mama Kumburu alikuwa amesimama nyuma yetu na vyombo vyake. Sikujua yupo. "Amezaa," akasema.



*

Saa tisa na dakika ishirini. Fomu ilikuwa wazi mbele yangu, vyumba vinne, kimoja tu kinajazwa. Ukikiacha wazi ombi linajifuta.

"Sikiliza," Bwire akasema kwa sauti ya chini, Mama Kumburu alikuwa ameenda kufunga mbuzi. "Mrija unavunjika. Inatokea. Udongo una mawe, mrija unakatika juu ya tabaka la kumi na tisa, kipande cha juu kinapotea, tunawasilisha hadi hapo. Shamba lililoandaliwa halikumaliziwa. Vita. Hakuna atakayeuliza."

"Wewe si ndiye wa kunizuia nisijipendelee?"

"Mimi nina mama pia, dada. Yuko kwenye chumba baridi cha kwao."

Jamani, nilitaka. Sitasema uongo hapa. Nilimwona bibi kwenye lile benchi. Nilishika kabisa sehemu ya mrija inapofunguka, inazungushwa kidogo tu, inatoa mlio kama wa mfupa.

Mama Kumburu akarudi. Sijui kilichonituma, nikamuuliza, "Mama, ungekuwa wewe?"

"Usiniulize mimi," akajibu, hata hakunitazama. "Ukiandika vita wanachukua shamba la kule chini, ndilo linalonilisha. Nitakachokwambia kitakuwa cha mwenye shamba. Tena usiniulize."

"Andika Amri, basi," Bwire akasema. "Walilazimishwa. Miraba mia tano na kumi, mtu amezaa juzi, hiyo siyo amri?"

Nikaisoma sheria tena. Amri: mhamaji alilazimishwa kuondoka na mwenye mamlaka juu yake. Nikaisoma mara tatu. Walilazimishwa kubaki. Walilazimishwa kufukia. Kuondoka hakuna aliyewaambia. Pale mlimani palikuwa na watu waliokuwa wanaamriwa kila kitu, wapi pa kuanzia, mstari uishie wapi, na kitu kimoja tu walichokifanya bila kuambiwa ni kuweka jembe begani na kushuka. Mimi nije baada ya miaka mia mbili na sabini niandike kwamba hata hicho waliamriwa?

Lakini pia bibi yangu ana moyo wa kuamshwa mara moja. Marehemu hawasikii joto. Yeye anasikia.

Na tena, kama ni amri, mwenye kosa ni Kahimba na wenzake, na mimi ni mzao wa Kahimba kama nilivyo mzao wa mmoja wa wale arobaini na mmoja. Nani alipwe na nani? Niligawanyika katikati kama mkate. Nilijaribu kuwaza kama walivyotufundisha, hatua kwa hatua, na kila hatua ilinirudisha nilipoanzia. Saa tisa na dakika hamsini na mbili nikamwambia Bwire ageukie kule, nisitazamwe.

Nikabonyeza Hiari. Nikaambatisha matabaka yote ishirini na moja na mikono yote.

Mpaka sasa hivi mkiniuliza kama nilifanya vizuri, sijui. Mkono ulikuwa wangu, hilo najua.

*

Bibi aliitika kabla simu haijaita mara mbili. "Mke mwenzangu! Pilau imeiva, tumebakisha kachumbari. Tunahama lini?"

"Bibi, si vita."

"Nini?"

"Nilikosea. Nilitangaza kabla sijamaliza kusoma. Nimeandika Hiari, bibi. Nimeshatuma."

Nilisikia mashine ya baridi ya zahanati inavuma. Nyuma yake mtu anauliza kasemaje, kasemaje.

"Umeandika Hiari," bibi akasema. "Wewe. Mjukuu wangu niliyekusomesha."

"Ndiyo, bibi."

"Mimi nakufa na joto hapa, Kastoria anakufa na joto, na wewe mwenye kalamu unaandika Hiari. Nani alikuwa na hiari? Nani anaacha mlima wa baridi kwa hiari yake?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote bila kupumua, kama ninavyoongea siku zote, miraba mia mbili mpaka mia tano na kumi, vidole vinne mpaka viwili, mkono wa kumi na saba uliozaa na kurudi siku ya tatu, arobaini na mmoja wameshuka wiki ile ile, kule bondeni wamelima bila nyasi. Nilikuwa nalia sasa, maneno yanaingiliana. Bibi hakunikatiza. Kwa bibi yangu hilo peke yake ni ajabu.

Mwishoni akauliza, "Na wanaume?"

"Walibaki huku."

"Miaka mitatu?"

"Mitatu."

"Wakifanya nini?"

"Walikata nyasi, bibi. Wakapanga. Mistari imenyooka sana. Wakasubiri zifukiwe."

Nikasikia anawaambia wenzake, si kwa sauti kubwa: "Ati walipanga nyasi wakakaa." Mmoja akaguna. Mwingine akauliza Kahimba naye? Bibi akajibu, Kahimba naye, na huo mkuki wake. Kikaanza kicheko kidogo pembeni, cha Kastoria nadhani, kikahamia kitanda cha pili, kikamfika bibi, na bibi akicheka anacheka na mabega, namjua. Walicheka wale wazee mpaka nesi akaingia kuuliza kuna nini, na hakuna aliyeweza kumjibu.

Nilisubiri. Nilidhani amenisamehe.

"Sijakusamehe," akasema alipopata pumzi. "Tusije tukadanganyana. Pilau nitakula kwa hasira."

"Sawa, bibi."

"Hiyo foleni ni miaka mingapi?"

"Kumi na minne."

Alihesabu, nilimsikia. Themanini na moja na kumi na minne. "Basi niandikishe sasa hivi. Kesho tutakuwa nyuma zaidi, watu wote wa bonde wataamka na wazo hili hili."

Nikafungua fomu ya foleni. Dirisha la foleni halifungwi saa kumi, halifungwi kamwe. Jina nililijua, umri niliujua. "Wanauliza sababu ya kutaka kuhama. Hapa unaandika chochote unachotaka, hakuna vyumba."

"Andika nimechoka."

"Tu?"

"Unataka nini tena? Andika."

Nikaandika. Fomu ikazunguka kidogo, ikatoa namba. Nikamsomea: elfu sita mia nne na tatu.

"Nyingi hiyo," bibi akasema. "Hebu angalia tena."